Pazia la basi na mashabiki wa Kusini

Siku ya mchezo mkubwa hapa Mtwara, watu huanza kukusanyika nje ya Uwanja wa Nangwanda Sijaona tangu asubuhi. Msimu mmoja nilisimama langoni pale na bwana aliyetoka Newala kwa bodaboda, amempakata mwanawe wa miaka kama tisa aliyebeba daftari na kalamu. Basi la timu moja kubwa liliingia mapazia yakiwa yamefungwa, wachezaji wakashuka na spika za masikioni, wakapita hatua mbili mbele yetu bila hata mmoja kuinua mkono. Mtoto alilifunga daftari, akamrudishia baba yake kalamu.

Pale pale watu wakasema: nyodo. Nimelipima neno hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu naona lina ukweli ndani yake, lakini halibebi ukweli wote.

Anayewatetea wachezaji ana hoja nzito. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na mtu aliyesafiri umbali huo, huku akijua kwamba kosa moja dakika ya tisini linaweza kumgharimu nafasi yake kikosini, ana haki ya kuituliza akili yake kabla ya mchezo. Kujiamini kunakoonekana kwetu kama majivuno ndiko kunakomwezesha kuweka mpira kwenye alama ya penalti mbele ya maelfu ya watu wanaomzomea. Isitoshe, sisi mashabiki si malaika. Mkeka wa kubashiri ukichanika kwa sababu ya bao lililokoswa, wapo wanaoingia mtandaoni usiku huo huo kumtukania mchezaji mama yake. Mwaka 2021, baada ya Uingereza kushindwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Ulaya, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka waliporomoshewa matusi ya kibaguzi. Saka alikuwa na miaka 19 tu. Mtu aliyeumizwa hivyo akijifungia mlango, sioni kwa nini tumwite mwenye kiburi.

Hata hivyo, uchovu na matusi havielezi kila kitu. Aprili 2022, Manchester United ilipofungwa na Everton bao 1-0, Cristiano Ronaldo aliipiga simu iliyokuwa mkononi mwa mvulana shabiki ikaanguka chini. Aliomba radhi, lakini Chama cha Soka cha Uingereza kilimfungia michezo miwili na kumtoza faini ya pauni 50,000. Mvulana yule hakuwa amemtukana mtu. Hapo ndipo ninapoona ustaa umemfanya mtu asahau kwamba aliyeko ng'ambo ya kamba naye ana hasira zake, ana umaskini wake, na bado amekuja.

Na sisi wa Kusini tunajua kwamba umbali huo kati ya mchezaji na shabiki si sheria ya soka. Ndanda, klabu ya hapa Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, wachezaji wake tulikuwa tunapishana nao sokoni, tunakula nao chapati kwa mama ntilie mmoja, na wakifungwa walikuwa wanaulizwa ana kwa ana kilichowapata. Najua atakayesema kwamba walikuwa karibu nasi kwa sababu mifuko yao haikutofautiana sana na yetu. Ni kweli kwa sehemu kubwa: mshahara ukipanda, huja gari la vioo vyeusi, meneja na walinzi, na hao wote kazi yao ni kumkinga mchezaji na watu. Ndiyo maana lawama yangu kubwa naielekeza kwa viongozi wa klabu, ambao huuza jezi kwa jina la shabiki kisha hupanga safari isiyo na hata dakika kumi za kumsalimia.

Kwa anayeishi Dar es Salaam dakika hizo si kitu, maana atawaona tena wiki ijayo. Mkulima wa korosho wa Newala huisubiri timu hiyo mwaka mzima, na mwaka mwingine haimfikii kabisa. Simwombi mchezaji avunje utulivu wake kabla ya mchezo. Namwomba, filimbi ya mwisho ikishalia, apite kwenye uzio wa upande wa jua, wanakokaa wenye tiketi za bei ya chini, kabla hajapanda basi na kuvuta pazia.