Ihefu inasubiri maji kutoka Mbarali

Mwezi Septemba, mbayuwayu wa Ulaya wanapoanza kuingia Tanzania, bonde la Usangu huwa limekauka. Ndiyo majira ambayo ardhi oevu ya Ihefu ingewafaa zaidi, wao pamoja na vitwitwi wanaotoka mbali hadi Siberia, maana mvua bado na tope la kutafutia wadudu ni haba. Lakini Mto Ruaha Mkuu, unaotoka Ihefu, umekuwa ukikatika kila kiangazi tangu miaka ya 1990.

Wafugaji waliondolewa, na mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sawa, ila mpaka wa hifadhi hauleti maji. Maji ya Ihefu hupita kwanza wilaya ya Mbarali, kwenye mifereji ya mpunga. Mpunga ukishavunwa na banio, yaani kizuizi kinachoingiza maji ya mto kwenye mfereji, likaachwa wazi, maji huendelea kumwagika kwenye majaruba matupu yakaishia juani. Mimi ningeanzia hapo: kila banio liwe na lango linalofungika, na jumuiya ya watumia maji iwe na nguvu ya kulifunga. Wapo wanaotegemea mfereji huohuo kwa maji ya nyumbani. Hao wachimbiwe visima kwanza, lango lifuate.

Gumu zaidi ni la kwelea kwelea, ndege wadogo wanaokula nafaka kwa makundi. Kundi la milioni moja linaweza kula tani 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo sitamhubiria mkulima apende ndege. Ninalolalamikia ni namna tunavyowaua. Fenthioni, sumu ya kuulia ndege hao, humwagwa kutoka angani wakati wa magharibi, juu ya malalo yao, na baadhi ya malalo hayo yamo kwenye matete. Mbayuwayu nao hulala kwenye matete. Kipanga akimla kwelea anayetapatapa, sumu inamhamia.

Kondoa, mkoani Dodoma, watu wamekuwa wakiwanasa kwelea kwelea na kuwala, na nyama yake, kwa wasioijua, ni tamu. Ndege asiyehusika akinaswa, anaachiwa aende zake. Mitego haitamaliza kundi kubwa, nakubali. Basi dawa ibaki kwa malalo ya kwenye migunga, mbali na maji, na kwenye matete iende mitego peke yake. Wanaonasa walipwe kwa kilo, kutoka bajeti ileile inayonunua fenthioni.