Cheti cha nishati kimsaidie na anayelipa bili

Kila serikali ya Uingereza inapogusa suala la cheti cha nishati, wenye nyumba huja juu: gharama! Mimi ni mpangaji, na gharama ninazijua pia. Baridi ya Januari ikipenya ukutani, gesi inayoteketea kuifukuza hailipi mwenye nyumba. Nalipa mimi.

Kwa aliyehamia karibuni: nyumba ya kupangisha England na Wales hupewa cheti chenye daraja la ufanisi wa nishati, kuanzia A, lililo bora, hadi G, na cheti hudumu miaka 10. Tangu Aprili 2018 hairuhusiwi kuingia mkataba mpya kwa nyumba iliyo chini ya E, na tangu Aprili 2020 hata mikataba iliyokuwapo inabanwa. Ukiishia hapo utasema sheria ina meno. Lakini mwenye nyumba akishatumia pauni 3,500 kwa marekebisho na nyumba ikabaki F, anaweza kuandikisha msamaha wa miaka 5 na kuendelea kupokea kodi kihalali. Nyumba za enzi za Malkia Victoria, zenye kuta za matofali zisizo na uwazi katikati, zimejaa miji hii, na fedha hizo hazifiki popote kwenye kuta za namna hiyo. Faini nayo? Ukomo wake ni pauni 5,000 kwa nyumba.

Mwaka 2023 Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, aliutupa mpango wa kupandisha kiwango cha chini cha nyumba za kupangisha kutoka E hadi C. Chama cha Labour kilipoingia madarakani kikaufufua, kikilenga 2030, na kilio kikaanza upya: tutauza nyumba, tutapandisha kodi. Kwani sasa hivi kodi haipandi? Inapanda, kuta zikiwa zilezile.

Niwape haki yao kidogo. Cheti chenyewe kina kasoro. Mkaguzi habomoi ukuta kuona ndani. Asipopata ushahidi, hukadiria kwa kufuata umri wa nyumba. Tena daraja hupimwa kwa gharama ya nishati inayokadiriwa, si kwa bili halisi, hivyo fleti ya hita za umeme huumia kwa kuwa umeme ni ghali kuliko gesi. Hizo ni sababu za kurekebisha kipimo, si za kukiacha.

Wewe unayetafuta chumba, usingoje dalali akutajie daraja. Vyeti viko wazi mtandaoni, unaingiza postikodi tu, na kupewa nakala bila malipo ni haki yako. Usiishie kwenye herufi. Shuka hadi kwenye maelezo ya kuta, paa na madirisha. Ukuta ukiwa hauna kinga ya joto na mita ni ya kulipia kabla (LUKU ya huku), piga hesabu ya majira ya baridi kabla hujatoa amana.

Na msamaha ule ningeuwekea sharti moja: miaka yote nyumba ikiwa chini ya E, kodi isipande hata pauni moja.