Waliniomba Orodha ya Wateja
Katika usaili wa mwisho wa kazi niliyoitamani kwa muda mrefu, meneja wa mauzo alisogeza kiti, akapunguza sauti, akaniuliza kama ningeweza kuja na orodha ya wateja wa mwajiri wangu wa wakati ule. Nilimjibu kwamba orodha ile haikuwa mali yangu, naye akacheka, akasema hilo tungelimaliza nikishaingia. Barua ya ajira ilinifikia siku mbili baadaye, ikiwa na mshahara unaokaribia mara mbili ya ule niliokuwa nikilipwa, nami nikakaa nayo wiki nzima.

Wapo wanaoamini kwamba uadilifu wa kampuni ni suala la wakurugenzi, na kwamba mwajiriwa wa kawaida aangalie mshahara, bima na likizo tu. Sikubaliani nao, kwa sababu uozo wa juu hushuka ukawa kazi ya kila siku ya walio chini. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake, wakisukumwa na malengo makali ya mauzo, walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Wakati habari hizo zinatangazwa, wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa, ilhali mtendaji mkuu alikuwa bado ofisini na alijiuzulu mwezi uliofuata.

Maneno mazuri ya kwenye tovuti siyahesabu. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, nayo ilitaja uadilifu miongoni mwa maadili yake manne, kisha ikafilisika Desemba 2001, na wafanyakazi waliokuwa na akiba ya uzeeni katika hisa zake wakabaki mikono mitupu. Mimi huuliza aliyeishika nafasi hiyo kabla yangu aliondoka kwa sababu gani, na asiyefikia lengo la mwezi hufanywa nini. Mara nyingi jinsi wasaili wanavyotazamana kabla ya kujibu hunitosha. Vilevile hutazama kama marupurupu yaliyoahidiwa kwa mdomo yameandikwa katika mkataba, kwani anayekwepa kuandika neno lake mapema hana sababu ya kulikumbuka baadaye.

Simlaumu mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto akitia saini huku moyo ukisita. Njaa haina usaili wa pili. Mimi nilikuwa na kazi, hivyo kukataa kwangu hakukuwa ushujaa. Nilipompigia yule meneja kumweleza uamuzi wangu na sababu yake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kampuni nyingine imeniahidi kiasi gani.