Hii baridi ya Dodoma, watu wa pwani mnaiwezaje?

Jamani mimi mtoto wa Tanga, nimehamia Dodoma kikazi nikaambiwa huku ni jua na vumbi tu, sasa hii Julai mbona hamkuisema?? Usiku inashuka mpaka nyuzi 14 huko, upepo unapenya chini ya mlango unapiga mluzi kama unanidai. Na kuoga je? Unajimwagia kopo la kwanza roho inatoka inarudi, la pili unalitazama tuu. Mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa, nayachokonoa na mpini wa kijiko! Nimevaa soksi mbili, sweta la mtumba la kike (sijali), midomo imepasuka hata kucheka siwezi. Halafu jirani, mwenyeji, anapita na kaushi ananiuliza, "vipi kaka, unaumwa?"