Kabla ya kisoda cha mbolea ya DAP, jua unapanda nini

Mwaka jana niliingia duka la pembejeo Kariakoo kununua mbegu ya mchicha, nikatoka na mbegu pamoja na pakiti ya unga wa kijivu. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni fangasi rafiki wa mizizi: nikoroge na maji, nimwagilie, mchicha utanifika kiunoni. Nikalipa. Kwenye bustani yangu ya Kinyerezi matuta mawili yalipata unga ule, mawili nikayaachia samadi ya kuku tu. Siku ya kung'oa, mke wangu, ambaye ndiye anayefunga mafungu, hakuweza kuniambia lipi limetoka tuta gani.

Hela ile imeshanitoka moyoni. Kinachoniuma ni kwamba fangasi hao ni wa kweli na wana kazi kubwa, ila mchicha si mteja wao.

Wanaitwa maikoraiza. Wanaingia ndani ya mizizi, kisha wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazofika sentimita kadhaa kutoka kwenye mzizi. Hapo ndipo penye faida, maana fosforasi, chakula muhimu cha mmea, haisombwi na maji kirahisi kama naitrojeni. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita chache kando yake, unabaki na njaa huku nyingine iko jirani tu. Nyuzi zinaifuata na kuileta, na mmea unalipa kwa sukari.

Mimea mingi imo kwenye ubia huu: mahindi, kunde, bamia, nyanya. Muhogo ndio unaowategemea hasa. Ng'oa mche mchanga wa muhogo ukung'ute udongo, utaona mizizi michache, minene, yenye vinyweleo haba. Kwenye ardhi yenye fosforasi kidogo, muhogo usio na fangasi hudumaa. Mchicha, kabichi, chainizi na sukuma wiki hazimo kwenye ubia, hata uzimwagie pakiti kumi.

Sasa DAP. Wengi wetu tunaweka kisoda kimoja kila shimo, iwe mahindi, iwe nini, kwa sababu jirani naye anaweka. Siipingi DAP. Udongo uliochoka unaihitaji, na fangasi hawatengenezi fosforasi, wanaleta iliyopo. Lakini mfuko wa kilo 50 una takriban kilo 10 za fosforasi, na sehemu kubwa isiyotumika hubaki ardhini. Bustani zetu za mjini zinapata pia samadi ya kuku karibu kila zamu ya mchicha, nayo ina fosforasi nyingi. Udongo unashiba. Mmea unaoipata kwa urahisi hubana sukari yake, na fangasi wanapungua mizizini. Unakuwa umenunua kile ulichokuwa ukiletewa mlangoni. Na jembe likizama sana, nalo linazikata zile nyuzi.

Ndiyo maana nasema udongo upimwe kwanza. Bwana shamba wa kata anaweza kukuelekeza pa kupeleka sampuli, na bei ya mfuko mmoja usiouhitaji inauma kuliko safari hiyo.

Kwenye shamba langu la Chanika nimeacha kuweka kisoda kwenye muhogo. Napalilia juu juu, na katikati ya mistari nimepanda kunde. Ninachoomba kwa wauza pembejeo ni kwamba, kabla hawajapokea hela ya mtu, wamuulize anapanda nini.