Shimanami: nusu ya njia yanitosha

Nikisema niliendesha baiskeli Shimanami Kaido, swali la kwanza huwa lilelile: ulimaliza kwa saa ngapi? Sikumaliza. Na nikijaliwa kurudi Japani, sitamaliza tena.

Njia yenyewe ni kilomita 70 hivi, kutoka Onomichi hadi Imabari, ikipitia visiwa sita vya Bahari ya Seto vilivyounganishwa kwa madaraja. Mstari wa buluu umechorwa pembeni mwa barabara, ukiufuata hupotei. Nadhani ndio unaowaponza wengi. Wanainamisha vichwa, wanakanyaga pedali, jioni wanahesabu kilomita.

Mimi kilichoniteka si madaraja, ni njia za kuyapandia. Meli hupita chini yake, kwa hiyo madaraja yako juu sana, na mwendesha baiskeli lazima apande. Wangeweza kutuwekea ngazi tukabebe baiskeli mabegani. Badala yake wakajenga njia ya pekee inayozungukazunguka kilimani katikati ya michungwa na milimau, ikipanda taratibu, kama meta tatu kwa kila mia. Nina magoti ya mtu wa ofisini, na siti ya baiskeli niliyokodi, heri ningekalia mbuzi ya kukunia nazi, lakini sikushuka kusukuma hata mara moja. Bibi mmoja mwenye kikapu mbele alinipita huku akinisalimia. Aliyechora mteremko ule alimfikiria yeye kabla ya kuwafikiria wanaovaa nguo za mbio.

Daraja la Innoshima, la mwaka 1983, linakupitisha chini ya magari: unaendesha ndani ya kitu kama tundu la chuma, malori yananguruma utosini. Sikulipenda. Tatara ni jambo jingine. Lilipofunguliwa mwaka 1999, meta zake 890 kati ya nguzo na nguzo zilikuwa rekodi ya dunia kwa madaraja yanayoshikiliwa na nyaya za mshazari, mpaka China ikaivunja mwaka 2008. Ukisimama chini ya nguzo ukapiga makofi, mlio unapanda ukirukaruka ndani yake kama kitu kilicho hai. Nilipiga makofi pale mpaka nikaona haya.

Hapo ndipo nilipogeuza. Mbele kulikuwa na Kurushima, madaraja matatu ya kuning'inia yaliyounganishwa, karibu kilomita nne juu ya bahari. Wanasema ndilo tamu kuliko yote. Sawa, liwe tamu. Mimi nilirudi Setoda, mji wa malimau, nikala aiskrimu mbili za limau, halafu nikakata tiketi ya boti ya kurudi Onomichi. Baiskeli ikafungwa kamba, nami nikakaa upande wa upepo nikimenya chungwa, saa kumi alasiri, wenzangu wa mstari wa buluu wakiwa bado wanakanyaga.