Kabla ya Kumcheka Fundi wa Nasser Road

Wabunifu wa Kampala wana kisa wanachopenda kusimuliana. Mteja anaambiwa nembo ni shilingi milioni moja na nusu. Anaguna, anateremka Nasser Road, mtaa wa vibanda vya wachapaji, na baada ya saa moja anarudi na nembo ya elfu hamsini, pamoja na kadi mia moja za nyongeza. Hapo watu hucheka. Wanaochekwa ni wawili, mteja na fundi aliyemhudumia, na nimekisikia kicheko hicho mara nyingi hadi nimeanza kujiuliza kama wanaocheka wamewahi kukaa kwenye vibanda vile wakaangalia kinachofanyika.

Nianze na haki yao, maana wanayo. Mbunifu aliyepikwa akaiva, awe ametoka shule ya sanaa ya Makerere yenye jina la Margaret Trowell au amejifunza mwenyewe kwenye intaneti, hafungui kompyuta siku ya kwanza. Anauliza. Unauza nini, kwa nani, jirani yako anayeuza kitu hicho hicho ana alama gani, na miaka kumi ijayo utakuwa bado unauza hicho? Kisha penseli na karatasi, michoro thelathini itupwe ili ibaki mitatu. Anachora kwa rangi nyeusi tupu kwanza, kwa kuwa rangi ina tabia ya kuficha umbo baya. Mwisho anakukabidhi faili ya vekta, ambayo utaipanua mpaka ienee bango la Jinja Road na kingo zake zisimeguke kama ngazi.

Kuna na sheria. Chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya 2010, alama uliyoisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara, inalindwa kwa miaka 7, halafu unaihuisha kwa miaka 10. Ila alama isiyotofautisha bidhaa zako na za mwenzio haina nafasi kwenye daftari hilo. Mikono miwili inayoshikana, iliyochotwa kwenye picha za bure zinazokuja na programu, haikutofautishi na yeyote. Mimi peke yangu nimeikuta kwenye SACCO, kwenye duka la vipuri na kwenye kanisa moja. Fundi aliyekubandikia mikono hiyo kakuvisha nguo ya mwenzio.

Mpaka hapo sina ubishi. Ninachokataa ni ile sehemu ya hoja isiyosemwa kwa sauti, kwamba fundi wa Nasser Road hajui lolote kuhusu nembo. (Najua pia sifa nyingine ya mtaa ule, ya vyeti vinavyozaliwa usiku. Hilo ni la polisi, si la leo.)

Nilimsindikiza huko hajati mmoja wa Bombo, mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaonunua na kuuza kahawa. Kikundi kilikuwa kimeshalipia nembo kwa mbunifu mwenye ofisi yenye kiyoyozi, na nembo yenyewe ilipendeza sana kwenye simu. Korongo mwenye taji, kila unyoya wa taji umechorwa peke yake. Chini yake tawi la kahawa na buni zake. Vyote ndani ya duara lenye rangi inayofifia taratibu kutoka dhahabu hadi kijani, na jina la kikundi limezunguka kwa herufi nyembamba kama uzi wa buibui. Hajati alitaka muhuri, daftari za risiti, na nembo idariziwe kwenye fulana ishirini.

Fundi, mzaliwa wa Busia mwenye Kiswahili cha mpakani, aliitazama kwenye skrini, akaipunguza mpaka upana wa sentimita tatu, akaichapa nyeusi kwenye karatasi iliyoharibika, akamsogezea.

"Hajati, ndege wako hapa atakufa."

Tukainama wote. Taji lilikuwa limegeuka doa la wino. Miguu haikuwepo. Buni zilikuwa nukta tatu, ungedhani mdudu kapita. Jina halikusomeka hata kwa miwani ya hajati, ambaye alisema pole pole, kana kwamba anamtambua maiti, "Huyu si ndege, ni kuku aliyenyeshewa."

Fundi akaendelea bila majivuno, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda Kikuubo. Mashine ya kudarizi, alisema, ina vigurudumu vya uzi, kila kimoja na rangi yake. Uzi unaofifia kutoka dhahabu hadi kijani haujaletwa Kampala bado. Na uzi una unene. Mstari mwembamba kuliko uzi haushoneki, na ukilazimisha, kitambaa kinajikunja. Daftari za risiti zinachapwa kwa rangi moja, kwa sababu kila rangi ni pleti yake ya kuchapia na gharama yake, na nakala ya chini inayotokea kwa kaboni haitaki mapambo. Muhuri ni mpira: unapoubana, wino husambaa kidogo, kwa hiyo nafasi kati ya mstari na mstari lazima iachwe pana, la sivyo mistari inalana.

Niliondoka pale nikiwa nimesikia, kwa muda usiofika dakika kumi, sehemu kubwa ya wanayofundishwa wabunifu kwa mihula kadhaa. Umbo lisimame bila rangi. Lisomeke likiwa dogo. Lisiwe na vitu vingi. Tofauti ni kwamba darasani hizo huitwa kanuni, na ukiuliza sababu utaambiwa habari za urembo. Kwa fundi yule sababu ni uzi, wino, mpira na pesa ya mteja. Yeye ndiye anayeletewa nembo zilizochorwa na wengine zikiwa zimeshindwa kufanya kazi, mchana kutwa, mwaka mzima. Ni nani mwingine mjini aliyeona nembo nyingi zikifa kumzidi?

Hata majina makubwa ya kazi hii yakitazamwa kwa jicho la fundi yanaeleweka vizuri zaidi. Mwaka 1962 Mmarekani Paul Rand alichorea kituo cha televisheni cha ABC duara jeusi lenye herufi tatu ndogo za mviringo ndani yake. Basi. Ukiipeleka Nasser Road ikatwe muhuri, fundi hatakuwa na la kuuliza, na hadi leo umbo lile ndilo linalotumika.

Mwaka ule ule, Oktoba 9, tulipandisha bendera iliyobuniwa na Grace Ibingira, nayo mtu anaweza kunitupia usoni, maana katikati yake kuna korongo mwenye manyoya, taji, na mguu mmoja ulioinuliwa. Ni mchoro mgumu. Mtoto wa shule ya msingi akiuchora, nusu ya darasa hutoa bata. Lakini angalia kinachoitambulisha bendera ile ikiwa juu ya mlingoti, mbali: mistari sita, nyeusi, njano, nyekundu, ikirudiwa. Mistari ndiyo inayofanya kazi ya kutambulika, na korongo yuko pale kama bwana harusi aliyeketi, kazi ya kupika imefanywa na wengine. Wanaobandika korongo mzima kwenye nembo ya SACCO wameazima ndege wakasahau mistari.

Tuje kwenye bei, kwa sababu ubishi wote huishia hapo. Wanaosema nembo isigharimu pesa nyingi wana silaha moja wanaipenda kupita kiasi: dola 35. Ndizo alizolipwa Carolyn Davidson, mwanafunzi wa chuo cha Portland State huko Marekani, mwaka 1971 kwa kuchora ile alama ya Nike inayojulikana mpaka vijijini kwetu. Nakiri nami nimewahi kuitoa mfukoni nikashinda nayo mabishano. Kama Nike ni dola 35, wewe wa milioni moja na nusu umetoka wapi?

Siku moja nilikaa na hesabu hiyo nikaifungua. Davidson alikuwa analipwa dola 2 kwa saa. Gawanya 35 kwa 2: saa 17 na nusu. Siku mbili za kazi na zaidi, za mtu aliyesomea usanifu wa michoro, kwa alama ya mstari mmoja uliopinda. Na hakupeleka mchoro mmoja. Alipeleka kadhaa, na Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike, akachagua ule bila furaha, akisema haupendi ila huenda akauzoea. Mwaka 1983, kampuni ilipokuwa imenona, alimpa Davidson pete yenye alama ile na hisa za kampuni. Kwa hiyo wanaotumia dola 35 kuthibitisha kwamba nembo ni kazi ya nusu saa wamesoma bei wakaruka saa. Zile dola 35 zinaonyesha jinsi saa za mwanafunzi zilivyokuwa rahisi.

Lakini na wabunifu wetu wasishangilie mapema, kwa kuwa hesabu hiyo hiyo inamtetea fundi. Saa 17 na nusu kwenye kibanda cha Nasser Road ni wateja wangapi? Kodi ya pango haisubiri. Na nani atazilipa? Mteja anayeingia pale hununua karatasi, fulana, muhuri, vitu vinavyoshikika. Mawazo hupewa kama bamia za kuongezea sokoni. Mtu asiyelipwa kufikiri akifikiri dakika ishirini, kakupa dakika ishirini za hisani. Ile mikono miwili inayoshikana haitoki kwenye ujinga. Inatoka kwenye malipo ambayo hayana mstari wa maswali.

Liko na jambo jingine ambalo wabunifu hawapendi kulisema kwa mteja: kudumu kwa nembo hakuko mikononi mwa mchoraji yeyote, ghali wala rahisi. Waulize wachoraji wa kuta za maduka. Kampuni ya simu ya Celtel ilianza kazi Uganda mwaka 1995. Ikawa Zain mwaka 2008. Ikawa Airtel mwaka 2010. Kila mara ndoo za rangi zilirudi, na kwenye baadhi ya kuta zilizobabuka bado unaweza kuona jina moja likichungulia chini ya jingine. Sidhani alama hizo zilichorwa vibaya. Zilibadilika wenye mali walipobadilika. MTN iliyofika mwaka 1998 nayo ilibadilisha nembo mwaka 2022, lakini haikugusa njano, na mwavuli wa wakala pale stendi ukabaki unatambulika hata na asiyejua kusoma. Kwa upande wa pili, Rand aliyetajwa hapo juu alichorea kampuni ya nishati ya Marekani, Enron, nembo nzuri mwaka 1996. Miaka mitano baadaye kampuni ilianguka kwa udanganyifu, na ile herufi E iliyoinama ikawa picha ya kila katuni ya wezi.

Sasa, je, napendekeza watu wote waende Nasser Road? Hapana. Kikundi cha hajati kingeanzia pale, kingetoka na mikono inayoshikana. Hapakuwa na mtu wa kuwauliza wanamuuzia nani. Ninachopendekeza ni mbunifu kushuka ngazi akiwa na rasimu zake tatu za penseli, kabla mteja hajaziona wala kuzipenda, azikalishe mbele ya fundi wa mihuri na fundi wa kudarizi. Wengi hawafanyi hivyo. Huita "utafiti" kuangalia nembo za kampuni za ng'ambo kwenye skrini kubwa yenye mwanga, wakati nembo yao itaishi maisha yake kwenye risiti iliyolowa jasho mfukoni mwa mtu wa boda.

Siku ile fundi aligeuza karatasi, akachukua biro. Kichwa cha korongo tu, shingo imekatwa kwa mstari mmoja, taji kwa mikato mitatu minene. Buni moja badala ya jicho. Hajati alishika karatasi mbali na uso, kisha karibu.

"Mbona kapungua hivi? Sisi tulilipia ndege mzima."

"Mzima hatoshi kwenye muhuri, mama."

Karatasi ile ilirudishwa kwa mbunifu wa kiyoyozi, naye, nimpe haki yake, hakukasirika. Alinyoosha shingo, akasawazisha ile mikato mitatu ikapumua, akanenepesha herufi, akafuta duara lote. Ndiyo wanayoitumia. Nimeiona kwenye fulana zilizofuliwa mara nyingi, na ndege bado ni ndege.

Risiti ya Nasser Road hajati anayo kwenye faili la kikundi, kwa kuwa ni mweka hazina na hatupi kitu. Imeandikwa kwa mkono: muhuri mmoja, kidau cha wino kimoja, daftari kumi. Mchoro wa biro haumo.